Mtani Akishakuwa Mkwe

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Mama Wilfred alifungua mlango wa nyuma na kwenda kusimama kwenye ua wa mianzi uliotenganisha nyumba yake na nyumba ya Amedeus. Akiwa bado na kanga ya kulalia, alipaza sauti:

"Enyi wakimbizi! Mmeamka, au usiku mmefukuzwa tena?"

Amedeus alikuwa upande wa pili, mswaki mdomoni. Alitema povu kwanza.

"Mbena, rudi ndani ukavae sweta. Baridi ya kwenu imekufuata mpaka huku."

"Sweta ninalo. Wewe uliyetoka mbio kwa Shaka, ulibeba nini?"

"Nilibeba akili. Viazi niliwaachia ninyi."

Basi hapo ndipo siku ilikuwa imeanza. Ikitokea asubuhi Mama Wilfred hajatukana, Devota, mke wa Amedeus, alizunguka mwenyewe kwenda kumtazama, maana alijua mwenzao anaumwa.

Jina la ubatizo la Mama Wilfred lilikuwa Walburga. Mtu mwembamba, mrefu, anayetembea ameinamisha bega la kushoto kwa sababu ya miaka ya kuegemeza fidla. Alishona sare za shule barazani kwake, Bombambili, na Amedeus alitengeneza baiskeli nyumba ya pili. Yeye Mbena, Amedeus Mngoni. Zamani hizo makabila yale yalipigana mpaka yakachoka, mikuki ikawekwa chini, yakabaki maneno. Ndio utani. Mtani atakuambia hadharani neno ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu kukuambia chumbani, na wewe hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa.

Walburga aliletwa Songea kutoka Njombe akiwa msichana, kuja kufua nguo kwa masista. Kule kulikuwa na sista mmoja mzee aliyepiga fidla, na alikuwa anataka mwenzake wa kupiga naye, hana. Akamwita yule msichana wa kufua, akamshikisha upinde. Walburga alijifunza nyimbo za misa, akajifunza na vile vipande vya Ulaya ya kale visivyo na maneno, ambavyo sauti moja inatangulia na nyingine inaifuata kama mtoto anayefuata mama shambani. Sista alipozidiwa na uzee, fidla alimwachia yeye.

Amedeus alitokea kwingine kabisa. Ujanani alipiga gitaa kwenye bendi ya dansi, zile zilizojiita jazi. Bendi ilikufa, vyombo vya umeme vikauzwa, yeye akabaki na gitaa kavu. Baadaye akaja mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, kijana mwenye banjo, ambaye baiskeli yake ilikuwa haiishi kuharibika. Akisubiri baiskeli, alikaa kwenye tairi bovu akipiga muziki wa watu wa milimani kwao. Blugrasi, alisema unaitwa. Muziki wa vidole vinavyokimbia bila kukanyagana. Mwalimu alirudi kwao, zile mbio zikabaki vidoleni mwa Amedeus.

Walikuwa majirani miaka mingi bila kupiga pamoja. Kilichowakutanisha ni msiba.

Mume wa Walburga alikuwa dereva wa lori. Alifariki barabarani. Siku ya matanga Walburga alikaa kwenye mkeka ametazama ukuta, hakulia, hakula, hata Wilfred mdogo alipomvuta nguo hakugeuka. Wanawake wakaanza kunong'onezana kwamba huyu naye anakwenda. Watani wakaja, kama desturi inavyotaka. Amedeus akaingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu na kofia yake, anatembea kwa kuburuta viatu vilevile alivyotembea marehemu, anadai ugali wake uko wapi. Watu walicheka. Walburga hakucheka. Ndipo Amedeus akapandisha mkono ukutani, akaitungua fidla.

"Na hiki kikuni kinamsaidia nani hapa? Jamani, chai ya matanga inataka moto!"

Akatoka nayo nje kuelekea jikoni. Walburga aliinuka kwenye mkeka kwa mara ya kwanza tangu mwili uletwe. Alimkimbiza Amedeus akizunguka mafiga, kanga inamvuka, anapiga kelele: "Lete fidla yangu, mkimbizi we! Lete!" Msiba mzima uliangua kicheko, na yeye akacheka, na kicheko kilipofika katikati kikageuka kilio. Alilia mpaka akaegemea ukuta wa jiko. Amedeus akamwekea fidla mapajani na kuvua lile koti.

"Usipoipiga," alisema, "nitairudia."

Aliipiga. Jioni moja aliketi upande wake wa ua akapiga kipande cha sista, na kutoka upande wa pili gitaa likamjibu. Ndivyo ilivyoanza. Watu waliwaita Kavu Kavu, kwanza kwa sababu hawakutumia umeme wala spika, na pili kwa sababu ya midomo yao. Kila kitu walikuwa wanaambiana kavukavu.

Muziki wao ulikuwa ni utani wenyewe. Amedeus aligonga mbao ya gitaa kwa mdundo wa lizombe, ngoma ya Wangoni, Walburga akaingia juu yake kwa sauti ya kanisani, mpole, kama mtu anayepiga ishara ya msalaba. Halafu gitaa linapindia kwenye jazi, linajishaua, na fidla inalikatiza. Kulikuwa na mahali pamoja ambapo Walburga alivuta upinde mara chache tu, sauti inapanda, inasimama juu, kama mtu anayeuliza. Mwanzoni aliyatamka na maneno yake: *Nani anawafukuza?* Hapo Amedeus alitimua vidole kwa mbio za blugrasi, Wangoni wanatoka kusini, wanavuka mito, watoto mgongoni, nani anawafukuza, hawasemi, wanakimbia tu! Watu waliupenda sana mchezo ule. Baada ya muda Walburga hakuhitaji kuyatamka. Upinde ukiuliza, ukumbi mzima unaimba: *Nani anawafukuza?* Kwenye harusi, kwenye jubilei za masista, kwenye ubatizo. Mpaka watoto wa shule walipopishana na mtu anayekimbia njiani walimwimbia.

Wilfred na Noela, binti wa Amedeus, walikulia kwenye ua ule mmoja. Hakuna aliyewaona wakigeuka wapenzi. Wilfred alipata kazi ya ufundi umeme, akapanga chumba Mjimwema. Siku moja Noela alikwenda kusuka nywele, hakurudi. Kesho yake Wilfred akaleta taarifa kwamba yuko kwake, salama, na kwamba wanataka kuoana.

Devota alilia. Amedeus alikaa kwenye karakana bila kugusa spana. Asubuhi ile Walburga alikwenda kwenye ua, akasimama, akashindwa kufungua mdomo. Angesema nini? Enyi wakimbizi? Binti wa watu yuko chumbani kwa mwanawe.

Akaja mzee Hironimus, kaka mkubwa wa Amedeus, mkulima wa tumbaku wa upande wa Namtumbo. Huyu ndiye aliyekuwa na kauli kwenye ukoo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kunyamaza mpaka wengine wamalize, kisha anasema jambo moja. Alimsikiliza mshenga wa upande wa Wilfred kutoka Njombe, akasikiliza maombi ya msamaha ya Wilfred aliyepiga magoti tangu mwanzo, na akakubali kwamba watoto waoane kanisani kama watu. Lakini alipogeuka kwa Walburga, hakumwita mtani.

"Mama, kuanzia leo wewe ni mkwe wetu. Mkwe hatukanwi, na mkwe hatukani. Ua ule mliokuwa mnapigia kelele asubuhi, sasa una mkwe huku na mkwe kule."

"Nimesikia, baba," alisema Walburga.

"Mtani akishakuwa mkwe, utani umekufa. Hauzikwi nusu."

Amedeus alitazama chini. "Na muziki, kaka?"

"Mimi sijui muziki. Ninajua maneno."

Asubuhi iliyofuata Walburga alimsikia Amedeus akipiga mswaki. Alisogea kwenye ua.

"Habari za asubuhi, mkwe."

Amedeus alitema povu kwanza. "Nzuri, mkwe. Mmeamkaje?"

"Salama."

"Haya."

Kila mtu akarudi ndani kwake.

Hata hivyo Noela aliwaomba jambo moja tu. Alikuja barazani kwa Walburga, akakaa sakafuni karibu na cherehani na kuokota vipande vya uzi, kama alivyozoea utotoni. "Mama," alisema, na lilikuwa neno jipya mdomoni mwake, "nimekua kwa muziki wenu. Siku yangu mkikaa kimya, watu watasema mmegombana kwa sababu yangu. Watasema mimi ndiye nimewaua Kavu Kavu."

Walburga alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Tutapiga, mwanangu."

Mzee Hironimus alipoombwa ruhusa kwa simu, alijibu kwamba mikono haina dhambi, mradi midomo ifungwe.

Walifanya mazoezi kwa adabu. Zamani walikaa magoti yakikaribia kugusana, maana gitaa kavu na fidla vinasikilizana kwa karibu. Sasa Devota alitenganisha viti, na katikati akaweka meza yenye kitambaa.

"Tuanze, mkwe?"

"Anza wewe, mkwe."

"Hapana, tangulia tu."

Basi wakatangulizana mpaka Devota akacheka jikoni peke yake. Walipopiga, hakuna aliyekosea. Kila sauti ilikaa mahali pake, mfano wa watu waliovaa nguo za kuazima. Amedeus hakuthubutu kukimbia, kwa kuwa hakuna aliyemfukuza. Walburga naye alipofika pale pa kuuliza, alipitiliza.

"Ni muziki mzuri," alisema Amedeus akifunika gitaa.

"Mzuri," alisema Walburga.

Walikuwa wanaudanganya moyo, na wote wawili walijua. Ila Walburga alipata wazo moja siku zile, akiwa anashona, akalishika. Mzee amekataza maneno. Fidla haina maneno. Fidla ina nyuzi tu na mbao. Midomo ifungwe, imefungwa. Alilishika wazo lile bila kumwambia mtu, kama mgonjwa anavyoshika dawa ambayo hajaamua kuinywa.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Misa ilikwenda vizuri, Noela alisema ndiyo kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, na watu wakahamia ukumbini kwa chakula cha mchana. Ilikuwa imebaki hatua moja ya desturi: mzee Hironimus kusimama na kumkabidhi binti kwa upande wa mume. Kabla ya hapo mshereheshaji akawaita Kavu Kavu, na ukumbi ukapiga vigelegele. Simu zikanyanyuliwa kurekodi.

Wakapiga kwa adabu, viti vimetengana. Watu walisikiliza kidogo, kisha wakaanza kuongea. Sahani zikagongana. Meza ya mafundi baiskeli, marafiki wa Amedeus, ilikuwa imeshakunywa.

"Jamani," mmoja aliropoka, "leo Kavu Kavu imelowa!"

Kicheko. "Imeloweshwa na machozi ya mahari!" mwingine akadakia. "Mama Wilfred, amka! Tumekuja kwenye harusi, siyo kwenye sala ya novena!"

Walburga alisikia uso unamuwaka. Alimtazama Noela kule meza ya mbele. Noela alikuwa anatabasamu kwa shida, anamtazama yeye tu, kama mtu anayesukuma kwa macho gari lililokwama. Akamtazama Amedeus. Amedeus alikuwa ameinamia gitaa, na Walburga aliona kidole gumba chake kimekaa juu ya uzi mnene, kinataka kwenda, hakijaruhusiwa.

Hakukata shauri. Mkono ndio ulikata. Upinde ulipanda, ukasimama kule juu, ukauliza.

Na ukumbi mzima, uliokuwa umesubiri tangu mwanzo, ukaimba kwa sauti moja:

"*Nani anawafukuza?*"

Amedeus alitimua. Vidole vyake vilikimbia kama zamani, watu wakasimama, mafundi baiskeli wakapiga meza, na kwa kitambo kifupi Walburga alikuwa na furaha kuliko alivyokuwa tangu Noela atoroke. Akauliza tena. Ukumbi ukaimba tena.

Ndipo alipomwona Noela. Bibi harusi alikuwa ameinamisha kichwa mpaka shela limemfunika uso. Walburga akayasikia yale maneno kwa masikio ya ukweni. Binti aliondoka kwao bila kuaga, kabla ya barua, kabla ya posa. Na leo mama wa mume anauliza mbele za watu: ninyi, nani anawafukuza? Kwenu kuna nini mpaka binti yenu atoke mbio kuja kwetu?

Alishusha upinde. Gitaa lilikimbia peke yake kidogo, likaishia.

Mzee Hironimus alikuwa amesimama. Hakuwa na haraka. Alisubiri mpaka meza ya nyuma ikanyamaza.

"Mkwe wetu ametuuliza swali," alisema.

"Kaka, ni wimbo," alisema Amedeus.

"Wimbo huo una maneno?"

"Hauna, kaka. Umesikia mwenyewe. Ni fidla tu."

"Hauna maneno. Mbona ukumbi wote umeyaimba?"

Walburga alijua jibu. Yeye ndiye aliyewafundisha. Miaka yote ile alikuwa anaipa fidla mdomo, leo akataka iwe bubu.

"Binti yetu ana kwao," mzee aliendelea, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikwaruza. "Hakufukuzwa. Analala kwenye kitanda, anakula, anapendwa. Tulikubali kufunika aibu kwa sababu mlituomba kwa magoti. Kama mkwe anaifunua mbele ya sahani, mimi leo simkabidhi mtu. Kanisa limemaliza la kwake, lakini Noela atarudi na mama yake nyumbani mpaka tuongee upya."

Wilfred aliinuka, akakaa, akainuka. Noela alikuwa analia bila sauti.

Walburga aliweka fidla kwenye kiti. Alitembea mpaka mbele ya mzee, akapiga magoti kwenye sakafu ya simenti na gauni lake la sherehe. "Baba, nimekosa. Sikuwa na nia hiyo. Mkono umezoea."

"Naamini," alisema mzee, na ilionekana anaamini. "Lakini kesho mkono utaacha mazoea?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na Walburga hakutaka kulijibu kwa uongo.

"Kilichotukana ndicho kitakacholipa," alisema mzee. "Siyo wewe. Wewe ni mama wa watoto hawa. Ni kile pale kwenye kiti."

Amedeus alikuwa tayari amefika, gitaa mkononi. "Chukueni hili, kaka. Hata mimi nilikimbia. Yeye aliuliza tu, mimi ndiye niliyekimbia!"

"Wewe ndiye uliyetukanwa. Kaa chini."

"Sikutukanwa! Mimi na huyu..." Alimgeukia Walburga, macho yamemtoka, mdomo umeanza kufanya kile ulichofanya kila asubuhi. "We Mbena..." Akaona ukumbi unamtazama, na binti yake anamtazama. Akaliacha neno lile. "Mkwe," alisema taratibu. "Usitoe."

Hapo ndipo Walburga alipojua kwamba hakuna kilichobaki cha kuokoa. Alirudi kwenye kiti. Alilegeza upinde kama sista alivyomfundisha, ili usipinde ukikaa bure, akafuta vumbi la ulimbo unaopakwa upinde pale chini ya nyuzi kwa ncha ya mtandio, akaifunga fidla kwenye sanduku lake na kubana vifungo vyote viwili. Akaipeleka mbele na kuiweka mezani kati ya keki na maua.

"Itunzeni kwenye joto la kawaida," alisema. "Ikikaa karibu na jiko itapasuka."

Mzee Hironimus aliweka kiganja juu ya sanduku. Kisha akamwita Noela, akamshika mkono, akamshika na Wilfred, na kuiunganisha mikono ile mbele ya watu wote. "Tumewapa mtoto," alisema. Vigelegele vikaanza pole pole upande wa Njombe, vikadakwa upande wa pili. Mshereheshaji alipata sauti yake, akafungulia muziki wa spika.

Walburga alimkumbatia Noela. Alimshika Wilfred shavu. Amedeus alikuwa amekaa na gitaa mapajani, mikono juu yake, hatazami mtu. Walburga alipita mbele yake kwa kupinda mgongo kidogo, kama mtu anavyopita mbele ya mkwe.

Alitokea mlango wa jikoni. Wanawake walikuwa wanasugua masufuria kwenye jua, na Devota alikuwa kati yao, amepandisha gauni lake la mama wa bibi harusi magotini, ametoka ili asiione fidla ikitolewa.

"Hujala," alisema Devota. "Nimekuwekea nyama kwenye hotipoti. Unakwenda wapi?"

"Nakuja," alisema Walburga, kama watu wanavyosema wanapoondoka.

Alishika njia ya barabarani, bega la kushoto limeinama, mikono mitupu. Hotipoti ilikaa dirishani mpaka ukumbi ulipofagiliwa. Hakurudi.